Kivuli cha Pikapu

Jumatatu, 3 Machi

Nimesafisha vichwa vya betri kabla ya shule. Maji ya moto, mswaki mkuukuu, grisi kidogo. Ni kazi yangu tangu nikiwa darasa la sita, kwa sababu vidole vyangu ni vyembamba. Baba kwenye usukani, Mama na mimi nyuma, tunasukuma. Pikapu imekohoa na kuwaka kwenye mteremko wa kwa Mama Kulwa, jirani yetu, kama kawaida. Baba akatupungia mkono bila kugeuka. Anabeba mawe ya dhahabu kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, kwenda kwenye karasha yanakosagwa. Akichelewa, wenye mawe wanachukua gari jingine.

Pikapu imenizidi umri. Naipenda hata hivyo.

Jana mchana honi ililia yenyewe. Hakuna mtu ndani, ufunguo uko mfukoni mwa Baba. Bibi alikuwa amekaa kivulini nyuma ya bodi ya pikapu akibangua karanga. Anakaa hapo kila siku jua likianza kuinama, kwa sababu mlango wa nyumba yake unatazama machweo na hauna kivuli. Bibi ni mama yake Baba. Alishtuka, karanga zikamwagika.

"Mama, umekalia honi?" Baba alisema, akacheka mpaka akashika mbavu. Bibi naye alicheka.

Leo mchana imelia tena. Bibi alikuwa hapo hapo. Baba hakucheka.

Jumatano, 5 Machi

Fundi Jumanne amekuja kutoka Kharumwa. Ni fundi wa umeme wa magari, mcheshi, anaongea na nyaya kama watoto. Amebadilisha honi. Amebadilisha rilei, kile kiboksi kinachopitisha umeme wa honi. Jua lilipopiga, honi ikalia vilevile. Akasema basi tatizo liko chini ya usukani, afungue kile kifuniko cheusi aangalie.

Baba akakalia kiti cha dereva. "Hapo usiguse."

"Baba Kabula, nyaya zote zinapita hapo. Unataka nimtibu mgonjwa wa tumbo kwa kumchungulia masikio?"

"Nimesema usiguse."

Fundi alidhani ni utani. Akapitisha bisibisi chini ya mkono wa Baba. Baba akampiga kwa spana mdomoni.

Damu ilidondoka kwenye shati lake la kazi. Hakurudisha. Alikusanya vifaa vyake kimoja kimoja, akasema kwa mdomo uliopasuka, "Tafuta mwingine. Hilo gari unalijua mwenyewe."

Sijawahi kumwona Baba akimpiga mtu ambaye si wa nyumbani. Nimeona aibu. Nimemshikia Fundi Jumanne baiskeli yake, nikamwambia pole. Alipanda akaondoka.

Kwa nini asiguse hapo?

Alhamisi, 6 Machi

Tukitoka shule tumekuta watu wamejaa kwenye mwalo, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu. Walikuwa wamemshika kijana mmoja, wanasema ameiba mfuko wa mawe. Sikutaka kuangalia. Nimeangalia.

Walimpiga kwa mipini ya sululu. Mwanzoni aliwaomba kwa Kisukuma, anamwita mama yake. Halafu akawa anatoa sauti tu. Mwanamume mmoja alikuwa anatafuna muwa huku anampiga mateke. Hakuutoa muwa mdomoni. Mwenyekiti wa kijiji alikuja na filimbi yake, wakaacha. Kijana alibebwa kwenye toroli la mawe, mkono unaburuza chini.

Hakuna aliyemuuliza kitu. Hicho ndicho ninachokikumbuka zaidi. Hakuna aliyemuuliza hata jina.

Sijala.

Jumamosi, 8 Machi

Leo imelia muda mrefu kupita siku zote. Nyumba zote zimesikia. Bibi aliinuka nyuma ya bodi na mkeka wake, akawa anazunguka gari akilipigapiga kwa kiganja, "Nyamaza wewe, nyamaza." Ilinyamaza. Imenyamaza akiwa ameligusa.

Watoto wa Mama Kulwa waliona. Mama Kulwa mwenyewe aliona, amesimama na ndoo kichwani. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Makubwa. Gari linamtii."

Baba alitoka ndani na nyundo. Akapiga boneti mpaka ikabonyea, akivuta pumzi kama anayepasua kuni. Kisha akafungua boneti akachomoa waya wa betri. Kuanzia leo likiwa nyumbani waya unachomolewa. Nitaurudisha mimi asubuhi.

Jioni Mama Kulwa alikuja kuomba chumvi. Ana chumvi. Alikuja kutazama macho ya Bibi. Wanasema macho mekundu ni ya mchawi. Ya Bibi ni mekundu, ndiyo. Amepika kwa kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Macho ya nani hayawi mekundu?

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa Baba amekwenda Kharumwa kwa bodaboda. Nimefanya jaribio. Mwalimu Rehema, anayetufundisha fizikia, anasema ukitaka kujua chanzo badilisha kitu kimoja tu, vingine uviache.

Nimerudisha waya wa betri. Pikapu inatazama magharibi, kwa hiyo jua la mchana linapiga kioo cha mbele. Nimemwomba Bibi akae jikoni na Mama, mbali kabisa na gari. Tumengoja. Honi ililia. Bibi alikuwa jikoni ameshika mwiko.

Nikachomoa. Nikafunika kioo cha mbele kwa magunia, nikayamwagia maji, nikafungua milango upepo upite mpaka dashibodi ikapoa. Nikarudisha waya. Bibi akakaa kivulini nyuma ya bodi, akaegemea, hata akasinzia. Kimya. Kimya mpaka nikachoka kungoja.

Kwa hiyo si Bibi. Ni joto. Jua linapopiga kioo ndipo honi inapolia, na jua hilo hilo ndilo linalomtoa Bibi mlangoni kwake kwenda kutafuta kivuli. Vinakuja pamoja kwa sababu vinaletwa na kitu kimoja.

Nilifurahi sana. Nilimweleza Baba aliporudi. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikadhani ameelewa.

"Kwa hiyo mchawi ni jua," alisema. "Ndiyo elimu ninayoilipia ada hiyo."

Mama alinivuta pembeni. "Kabula, funga mdomo. Baba yako hatafuti sababu. Anatafuta mtu."

Jumanne, 11 Machi

Gari limezima mlimani likiwa na mzigo. Mlima wa kwenda karasha. Injini ikakata ghafla, breki zikawa ngumu kama jiwe, likaanza kurudi nyuma. Ndalahwa, mpakiaji wa Baba, aliruka kwenda kuweka jiwe chini ya tairi. Hakuwahi. Tairi lilipanda mguu wake, na mawe kutoka kwenye bodi yakamalizia.

Baba amerudi na damu ya Ndalahwa mpaka kifuani. Trekta ndiyo iliyovuta pikapu hadi nyumbani. Baba hakunawa. Alikaa kwenye kigoda akitazama nyumba ya Bibi.

Ndalahwa ana miaka michache tu kunizidi. Alikuwa ananiita Injinia kwa sababu ya betri. "Injinia, leo litawaka?" Nimesikia kwamba mguu utakatwa.

Barabarani wanasema hivi: nyumbani Baba alichomoa waya, kwa hiyo uchawi ukamfuata njiani.

Jumatano, 12 Machi

Baba amekwenda kwa mganga, ng'ambo ya bwawa. Amekwenda na kifaranga mkononi. Najua wanavyofanya: unakitemea mate, mganga anakipasua, anasoma ndani.

Amerudi mchana. Hakusalimia. Amepita moja kwa moja hadi kwa Bibi.

Kofi la kwanza lilimwangusha Bibi pamoja na kigoda chake. Baba akamwinua kwa khanga akampiga tena. Mama yake. Mama yake mwenyewe. Alikuwa analia huku anapiga. "Nimekukosea nini? Niambie nimekukosea nini!" Bibi alikuwa anasema jina lake tu, Masanja, Masanja, kama anamwamsha usingizini. Mama alimshika Baba kiunoni. Alipigwa kiwiko, jino likatoka. Mimi nilishika mguu wa Baba nikaburuzwa.

Aliacha alipochoka. Hakuacha kwa sababu nyingine.

Mganga amesema: mwanamke, mzee, wa damu yako, anakaa kivulini.

Namchukia mganga. Leo nimemchukia Baba pia. Naandika kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 13 Machi

Uso wa Bibi umevimba upande mmoja. Nimempelekea uji. Nimemwambia aende kwa ndugu zake huko Isaka, Mama ana nauli. Akasema, "Niende wapi, mayu? Nikikimbia watasema wamepata ushahidi." Ananiita mayu, yaani mama, kwa sababu nina jina la mama yake.

Shuleni nilibaki darasani kipindi cha mwisho. Nimemuuliza Mwalimu Rehema: gari ambalo honi inalia yenyewe likipata joto, halafu siku nyingine injini inakata ghafla, ni magonjwa mawili au moja?

Alichora ubaoni. Waya wa honi unatoka kwenye rilei, unakwenda kwenye usukani. Ukibonyeza honi, unauunganisha na bodi ya gari, ndipo inalia. Basi mahali popote waya huo ukichubuka na kugusa chuma, honi italia bila mtu. Waya wa injini ukichubuka na kugusa chuma, utapiga shoti, fyuzi itakatika, gari litazima.

"Usihangaike na kila waya," alisema. "Jiulize hizi mbili zinapita pamoja wapi."

Chini ya usukani. Pale ambapo Baba hataki paguswe.

Nilitaka kumwambia na habari za Bibi. Nilifunga daftari badala yake. Nikasema asante Mwalimu, nikatoka.

Ijumaa, 14 Machi

Mwandiko ni mbaya leo.

Baba alikwenda kumwona Ndalahwa hospitali. Nilichukua bisibisi, nikalala chali chini ya usukani na simu ya Mama kwa ajili ya mwanga. Kifuniko kile kina skrubu chache tu. Kikatoka.

Kuna dawa pale. Kitambaa cheusi, kimefungwa kama kibonge, ukubwa wa yai, kimeshonewa simbi, zile kauri ndogo. Kimefungwa kwa waya wa shaba mtupu. Waya huo umezungushwa kwenye fungu zima la nyaya za gari na kwenye chuma kinachoshika usukani, ukakazwa kwa koleo. Umekazwa na mtu mwenye nguvu. Sasa nimekumbuka. Mwaka jana wezi waliiba betri, Baba akalala nje na gari siku kadhaa, halafu akatulia ghafla. Alikuwa ameweka kinga.

Shaba imekata ngozi za nyaya. Nimeona kwa macho yangu. Waya mwembamba umechubuka mpaka ndani. Waya mnene umeungua, umekuwa mweusi, plastiki imeyeyuka. Barabara zetu zina mashimo. Kila shimo, shaba inasugua. Jua likipiga, plastiki inalainika, shaba inafika ndani.

Baba alifunga ugonjwa kwa mkono wake, akamzuia fundi asiuone, halafu akampiga mama yake.

Nilifanya ishara ya msalaba. Niliogopa kuigusa, naandika ukweli. Nimesoma, lakini niliogopa. Nikawa nanyoosha kidole, nakirudisha.

Nikavutwa miguu. Sikusikia bodaboda ikija.

Mkanda. Mgongo, mikono, na chuma cha kufungia kikanipata shingoni. Nilipiga kelele, "Baba, ni waya wa shaba, unagusa, unagusa!" Yeye alikuwa anauliza kitu kimoja tu. "Umeigusa? Umeigusa?" Macho yake yalikuwa na hofu kuliko hasira. Nilisema hapana. Alirudisha kifuniko mwenyewe, kwa haraka, hakukaza skrubu.

Kisha akamwambia Mama bila kumtazama, "Kesho ndugu zake Ndalahwa wanakuja. Sikuwaita mimi."

Hakusema pia kwamba atawazuia.

Jumamosi, 15 Machi

Siwezi.

Jumapili, 16 Machi

Naandikia hospitali, kwenye benchi. Nitaandika yote mara moja.

Walikuja jana mchana. Lutonja, kaka yake Ndalahwa, na wanaume wengine ninaowajua wote. Mmoja anatuuzia mafuta ya taa. Mapanga, marungu. Baba alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Lutonja hakumsalimia.

Bibi alikuwa mlangoni kwake juani. Lutonja alimkokota kwa khanga kupita uwanja mzima, akamtupa nyuma ya bodi, pale anapokaaga.

"Haya Bibi. Liite gari lako. Litusalimie."

"Sijui kuliita, baba."

"Shikamoo hatutaki. Tunataka honi."

Walicheka. Mmoja alipiga bodi kwa rungu, "Pii! Pii!" kama mtoto. Lutonja akainua panga. Bibi akainua mkono. Niliona vidole vyake vikianguka kwenye vumbi, na mwanzoni sikuelewa ni nini. Mama alikimbia, akapigwa rungu begani, akakaa chini.

Mimi nilikwenda mbele ya gari. Sijui kwa nini hawakunizuia. Nadhani walidhani nakimbia. Nilitaka waone kwa macho yao kinacholiza honi. Nilifungua boneti, nikakandamiza waya kwenye kichwa cha betri kwa mkono mpaka ukashika.

Honi ililia papo hapo. Jua lilikuwa limepiga kioo kutwa, shaba ilikuwa imeshagusa. Sikuwa nimefikiria hilo. Nilidhani nimemuua Bibi.

"Mnaona! Mnaona!" walipiga kelele wote. Lutonja aliinua panga mara ya pili, kwa mikono miwili.

Nikaingia ndani ya gari nikafunga milango. Nikang'oa kifuniko. Nikaishika ile dawa. Nikaivuta upande, honi ikanyamaza. Nikaiachia, ikalia. Nikavuta. Kimya. Nikaachia. Ikalia. Nikafanya hivyo kama kengele ya shule, lia, nyamaza, lia, nyamaza, nikiwatazama usoni kupitia kioo. Bibi alikuwa kifudifudi kwenye vumbi, hagusi kitu. Mtu wa kwanza kuelewa alikuwa yule muuza mafuta ya taa. Alishusha rungu lake. Akamgusa mwenzake bega, akaonyesha mkono wangu.

Nilikata waya wa shaba kwa koleo la Baba lililokuwa chini ya kiti. Honi ikafa. Nikashusha kioo nikaitupa dawa nje. Wote waliruka nyuma, wanaume wazima na mapanga yao. Ililala pale na simbi zake, na hakuna aliyethubutu kuikanyaga.

Lutonja aliuliza, "Ya nani hii?"

"Nimeuliza ni ya nani?"

Baba angeweza kunyamaza. Wangesema ni ya Bibi, na ingekuwa imekwisha. Niliona mdomo wake ukifunguka na kujifunga.

"Yangu," alisema. "Nilifunga mimi."

Lutonja alitazama waya wa shaba uliokatika. Alitazama gari. Ni mchimbaji, anajua waya, anajua shoti. Nikamwona akihesabu kichwani mpaka kwenye mguu wa mdogo wake.

Kisha wakamwendea Baba.

Teke la kwanza nilifurahi. Naandika ukweli. La pili sikufurahi tena. Walimpiga kama yule kijana wa mwalo. Taya lilitoa sauti. Nilikuwa napiga honi kwa kiganja, sasa honi ya kweli, napiga napiga ili mtu yeyote aje, na nilikuwa napiga kelele, mwacheni, mwacheni.

Bibi alitambaa. Aliacha mstari wa damu kwenye uwanja. Akalala juu ya Baba, mwanawe mkubwa hivyo, hakumfunika hata nusu.

"Nimalizieni mimi," alisema. "Mimi mmeshaanza."

Hakuna aliyepiga. Walisimama tu, wanahema. Halafu ikasikika filimbi ya mwenyekiti, na wengine wakaanza kukimbia kupitia mihogo.

Jumatano, 19 Machi

Bibi amepoteza vidole viwili. Kile cha shahada kimeshonwa, daktari anasema huenda kikashika. Baba taya lake limefungwa kwa nyaya. Anakunywa uji kwa mrija. Hawezi kusema. Wodi zao zinatazamana, ukumbi tu uko katikati. Bibi anauliza kila asubuhi, "Amekunywa?" Hasemi nani.

Polisi wamemchukua Lutonja. Watamhoji Baba pia akiweza kuongea. Mganga nyumba yake imefungwa, mbuzi wameachwa wanalia.

Nimekwenda kumwona Ndalahwa. Mguu haupo. Nilidhani atanifukuza. Alisema, "Injinia. Kumbe lilikuwa tatizo dogo hivyo?"

Nikasema ndiyo. Dogo.

Aligeukia ukutani. Nilikaa naye mpaka walipoleta chakula.

Jumanne, 25 Machi

Fundi Jumanne amekuja bila kuitwa. Mdomo wake umebaki na kovu. Amekata vipande vilivyoungua, amechomelea vipya, amevizungushia utepe mweusi, ameweka fyuzi mpya. Mimi nilishika taa ya kupimia. Alinifundisha kusikiliza rilei, ule mlio wake mdogo.

"Angeniacha nifungue kifuniko kimoja," aliuambia usukani. Alikataa malipo, akakubali michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

Alama za mkanda shingoni zinageuka njano.

Jumapili, 30 Machi

Bibi na Baba wamerudi juzi, kwenye gari moja la watu. Baba bado amefungwa taya. Kesho kutwa anatakiwa kituo cha polisi. Mama anasema huenda asirudi siku hiyo. Amemfulia shati.

Leo baada ya misa jua lilikuwa kali. Pikapu iko palepale, inatazama magharibi, waya wa betri nimeuacha umeunganishwa. Bibi hakwenda kwenye kivuli chake. Alitandika mkeka mlangoni kwake, juani, mkono wenye bendeji umelala kwenye paja. Mama alimwambia asogee. Akasema hapa panamtosha.

Baba alikuwa kwenye kigoda. Alimtazama muda mrefu. Kisha aliinuka, akatoa gia, akaweka bega lake kwenye mlango wa gari akaanza kusukuma. Halikusogea. Hana nguvu bado. Mama akaacha sufuria akaenda upande wa pili. Mimi nikaenda nyuma. Tulisukuma kama asubuhi zote, ila safari hii hatukuwa tunataka liwake. Tulilivusha uwanja mzima polepole, tukaligeuza likatazama jua tena, mpaka kivuli kikapanda mkeka, kikafika miguuni kwa Bibi, kikafika magotini.

Baba akaweka jiwe chini ya tairi. Akaketi chini, mbali kidogo.

Tulingoja. Jua lilikuwa limejaa kwenye kioo cha mbele. Mama Kulwa alisimama barabarani na ndoo yake, naye akangoja.

Hakukuwa na sauti. Kuku tu.

Baada ya muda Bibi alivuta sinia la karanga kwa mkono mzima. Zilimshinda kubangua kwa mkono mmoja. Alilisukuma sinia kwa mguu, likapita kwenye vumbi, likasimama katikati yake na Baba.

Baba akasogea kivulini. Akaanza kubangua.